Kugonga Gogo: Kutoka Sikio la Fundi hadi Utando wa Plastiki

Ndugu mkulima na mfanyabiashara wa mbao, nguzo inaweza kuwa nzima kwa nje na ndani imeshaoza. Ukiikata ili uone, umeiharibu. Ukiisimamisha hivyohivyo, paa liko hatarini. Ndiyo maana tangu zamani mafundi hugonga na kusikiliza: mti mzima hulia kwa sauti kali, uliooza hutoa sauti nzito iliyofifia.

Wanasayansi nao walifuata njia hiyohiyo. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme kidogo. Kwa hiyo mtikisiko uliweza kugeuzwa kuwa umeme na kupimwa. Mwaka 1955 Mjapani Eiichi Fukada alionyesha kuwa hata mti wenyewe una tabia hiyo, ingawa kwa kiasi kidogo sana.

Lakini fuwele ni ngumu na huvunjika, wakati gogo ni la mviringo. Mwaka 1969 Mjapani mwingine, Heiji Kawai, aligundua kwamba plastiki iitwayo PVDF, ikivutwa na kutiwa umeme wa nguvu, hupata tabia ileile. Plastiki hiyo hutengenezwa kuwa utando mwembamba unaopindika, hivyo unaweza kubandikwa hata juu ya nguzo ya mviringo.

Kipimo chenyewe ni hiki: gonga upande mmoja, kisha pima muda ambao mtikisiko unatumia kufika upande wa pili. Katika mti mkavu na mzima, sauti hufuata nyuzi kwa kasi ya takribani mita 4,000 kwa sekunde. Palipooza, huchelewa.

Huna kifaa hicho? Sikio lako bado linafaa:

1. Linganisha nguzo za aina moja, unene mmoja na ukavu mmoja. Mti mbichi nao hutoa sauti nzito, usiuhukumu kabla haujakauka.
2. Kwa nguzo iliyosimama, anza kugonga karibu na ardhi, ambako kuoza huanza mara nyingi, kisha panda juu kidogo kidogo.
3. Sauti ikibadilika, choma hapo kwa bisibisi. Ikizama kwa urahisi, usiiamini nguzo hiyo.

Muuzaji, gonga mbele ya mteja. Mnunuzi, gonga kabla ya kulipa.