Mwombaji Mlangoni: Historia ya Faili Linalopiga Hodi kwa Niaba Yako

Kwenye ukuta wa maktaba ya chuo kimoja, pembeni ya swichi ya feni, palibandikwa karatasi yenye maelekezo ya kuunganisha simu na Wi-Fi. Mstari wa kwanza ulitaja jina la mtandao. Wa pili ulikutaka uandike namba yako ya usajili na nenosiri. Wa tatu ulisema, kwa herufi kubwa, kwamba ukifika penye cheti uchague "usithibitishe". Nilitii. Sote tulitii, intaneti ikaja, tukasahau. Miaka kadhaa baadaye nilianza kuifuatilia programu inayofanya kazi hiyo ndani ya simu, na ndipo nilipojua kwamba ule mstari wa tatu una historia yake, tena si historia nzuri.

Programu yenyewe inaitwa wpa_supplicant. Neno la mwisho katika jina hilo maana yake ni mwombaji, yule anayekuja kwa unyenyekevu kuomba apokelewe. Limetoka kwenye kiwango cha 802.1X cha mwaka 2001, ambacho kiliigawa shughuli ya kuingia mtandaoni kwa wahusika watatu. Mwombaji ni simu au kompyuta yako. Anayemkuta mlangoni ni bawabu, yaani kile kiboksi chenye antena ukutani. Bawabu huyu hana mamlaka ya kuamua lolote. Hupokea maneno ya mgeni na kuyapeleka ndani kwa mwenye nyumba, seva iliyofungiwa chumbani na daftari lake la majina. Mwenye nyumba akiridhika, bawabu hufungua.

Kwa Mswahili hilo si jambo la kushangaza. Hodi, karibu, ingia. Ila sisi tukibisha hodi huwa tunaijua nyumba, au tumeelekezwa na mtu tunayemjua. Simu haioni nyumba. Inasikia jina tu hewani, na jina la hewani linaweza kutangazwa na yeyote mwenye kompyuta mpakato na dakika tano za ziada.

Zamani mambo yalikuwa mepesi na mabovu. Kiwango cha kwanza cha 802.11, cha mwaka 1997, kilikuja na kinga iitwayo WEP, iliyoahidi faragha sawa na ya mtandao wa waya. Ufunguo wake ulikuwa wa biti 40, alama 10 za kuandika kwa mkono. Ufupi huo ulitokana na siasa: wakati ule Marekani ilizuia kuuza nje ya nchi teknolojia imara ya usimbaji. Ndani yake ilitumika RC4, mbinu ya Ron Rivest ya mwaka 1987, na kila pakiti ya data ilibandikwa namba ya biti 24 ili zisifanane. Biti 24 ni namba milioni 16 na ushei. Zinasikika nyingi, lakini mtandao wenye pilikapilika huzimaliza kwa saa chache, kisha zinaanza kujirudia, na msikilizaji aliyekaa kwenye gari nje ya jengo anaanza kupata anachokitafuta.

Mwaka 2001 Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir walichapisha udhaifu wa jinsi RC4 inavyoandaa ufunguo wake. WEP haikupewa muda wa kupumzika: mwaka huohuo Adam Stubblefield, John Ioannidis na Aviel Rubin waliuthibitisha kwenye mtandao halisi, na programu ya AirSnort ikaiweka kazi hiyo mikononi mwa kila mwenye udadisi. Hata bila hesabu hizo, WEP ilikuwa na kasoro ambayo mwenye nyumba ya kupanga yeyote angeiona. Ufunguo ulikuwa mmoja kwa wapangaji wote. Mmoja akihama nao, ama ubadilishe kitasa na kuwagawia wote funguo upya, ama unyamaze. Ofisi nyingi zilinyamaza.

Tiba ya haraka ilikuwa WPA, iliyotolewa mwaka 2003 na Wi-Fi Alliance. Ilitengenezwa kwa kubana, maana ilibidi iendeshwe na kadi zilezile zilizokwisha kuuzwa. Mwezi Juni 2004 ikaidhinishwa 802.11i, ambayo madukani tunaijua kama WPA2, ikiwa na usimbaji wa AES. Na kuanzia Machi 2006 kifaa kipya hakikupata muhuri wa Wi-Fi bila hiyo. Hapa ndipo kazi ya mwombaji ilipokua. Ufunguo haukuwa tena namba ya kuandika mara moja na kuiacha. Ulipaswa kukubaliwa kati ya pande mbili kila mnapokutana, kwa salamu ya hatua nne, na kadi ya mtandao peke yake haikuwa na akili hiyo. Kompyuta ilihitaji programu ya kusimama mlangoni na kuongea.

Windows XP ilikuwa na yake. Kampuni kama Funk Software ziliuza zao. Kwa watumiaji wa Linux palikuwa na Xsupplicant ya mradi wa Open1x, na palikuwa na Mfini mmoja, Jouni Malinen. Malinen alikwisha kujulikana kwa Host AP, programu iliyoiwezesha kadi ya kawaida yenye chipu ya Prism kujigeuza kuwa kisambazaji cha mtandao. Alikuwa, kwa hiyo, ameanza kwa kumtengeneza bawabu. Mwaka 2003, ndani ya mradi huohuo, akaanza kumtengeneza mwombaji.

Alichokitoa hakikuwa na dirisha wala kitufe. Kilisoma faili la maandishi, wpa_supplicant.conf, nalo ndilo lililowafundisha mafundi wa kizazi changu maana ya Wi-Fi. Ndani yake kila mtandao unapewa kijumba chake kati ya mabano. Unaandika ssid, jina la mtandao. Unaandika psk, nenosiri la kati ya herufi 8 na 63. Kama mtandao umefichwa, unaongeza mstari wa kuiambia programu iuite kwa jina badala ya kungoja ujitangaze. Kama una mitandao mitatu, unaipangia vipaumbele. Faili la mfano linalokuja na programu lina zaidi ya mistari 1,000, na sehemu kubwa ni maelezo. Nimesoma vitabu vya chuo vilivyoeleza kidogo kuliko hivyo.

Napenda hasa kifaa kidogo kinachoandamana nayo, wpa_passphrase. Unakipa jina la mtandao na nenosiri, nacho kinavisaga pamoja mara 4,096 na kutoa ufunguo wa biti 256, ili usilazimike kuliacha nenosiri lenyewe kwenye faili. Jina la mtandao ndiyo chumvi ya mchanganyiko huo, kwa hiyo ukibadilisha jina la ruta, ufunguo nao hubadilika hata kama nenosiri ni lilelile. Kazi safi kabisa. Kisha, juu ya ufunguo uliosagwa, kifaa hichohicho huliandika nenosiri wazi kama maelezo ya pembeni, na ni juu yako kukumbuka kuufuta mstari huo. Nimefungua kompyuta nyingi za watu, nimeukuta karibu kote.

Lakini sehemu yenye uzito ni ya mitandao ya ofisi na vyuo, ambako kila mtu ana jina lake na nenosiri lake. Humo kuna mstari unaoitwa ca_cert. Unaonyesha faili la cheti ambacho kwacho mwombaji atahakikisha kuwa seva anayoongea nayo ndiyo yenyewe, kabla hajatamka siri yoyote. Ukiufuta mstari wa jina la mtandao, hakuna muunganisho. Ukilikosea nenosiri, hakuna muunganisho. Ukiufuta ca_cert, unaunganishwa vizuri tu, kwa kasi ileile, bila onyo litakaloonwa na mtumiaji wa kawaida. Katika faili zima sijui mstari mwingine ambao ukikosekana hauumi hivi. Fundi aliyezingirwa na wanafunzi 200 siku ya kufungua chuo ataacha upi?

Ulimwengu wa vyuo ulilijua hilo mapema. Mwaka 2002 Klaas Wierenga wa SURFnet, taasisi ya mtandao wa elimu ya Uholanzi, alipendekeza utaratibu ambao baadaye uliitwa eduroam: mwanafunzi akienda chuo chochote mshirika, anaingia kwa jina la chuo chake. Bawabu wa ugenini husoma kilichoandikwa baada ya alama ya @ na kulipeleka ombi hadi seva ya nyumbani. Kwetu huduma hiyo imeletwa na KENET nchini Kenya, RENU nchini Uganda na TERNET nchini Tanzania, na mwanafunzi wa Makerere anaweza kufungua simu Nairobi ikaunganishwa kabla hajakaa. Ila ombi hilo hupita mikononi mwa watu wasiojuana. Linasafiri kama barua kwenye bahasha iliyofungwa, na bahasha hiyo ina maana tu ikiwa simu imekagua anayeifungua. Ndiyo maana eduroam ilitengeneza kisakinishi cha kujaza mipangilio yote chenyewe, cheti kikiwemo, ili mwanafunzi asipewe nafasi ya kuchagua.

Waliopuuza walionywa kwa vitendo. Mwaka 2008 Joshua Wright na Brad Antoniewicz walionyesha seva bandia inayotangaza jina la mtandao wa ofisi na kukusanya majibu ya nenosiri kutoka kwa kila kifaa kisichokagua cheti. Majibu hayo aghalabu yalikuwa ya MS-CHAPv2, mbinu ya Microsoft ambayo Bruce Schneier na Mudge walikwisha kuikosoa mwaka 1999. Mwaka 2012 Moxie Marlinspike na David Hulton wakamaliza ubishi: waliushusha ugumu wake wote hadi ufunguo mmoja wa DES, wa biti 56, na mashine yao iliweza kuupata ndani ya siku moja. Urefu wa nenosiri lako haukusaidia chochote.

Wakati huo mwombaji wa Malinen alikuwa amekwisha kuhamia mifukoni. Android ilipoingia sokoni mwaka 2008 ilimchukua, na faili lake likawekwa ndani ya simu mahali ambapo mtumiaji hafiki. Huku kwetu aliletwa na simu za bei nafuu, kuanzia Huawei IDEOS ambayo Safaricom iliiuza Kenya kwa chini ya dola 100, hadi Tecno na Infinix zilizojaa kila duka la Kariakoo. Kila unapogusa jina la Wi-Fi na kuandika nenosiri, kijumba kinajengwa mahali fulani ndani ya simu. Tofauti ni kwamba mistari ilipogeuzwa vitufe, maelezo yote ya faili la mfano yalipotea, na ca_cert ikawa orodha ya kuchagua yenye neno rahisi kuliko yote: usithibitishe.

Kisha ikaja Oktoba 2017. Mathy Vanhoef na Frank Piessens wa chuo kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, walitangaza KRACK, shambulio dhidi ya ile salamu ya hatua nne. Mshambuliaji huirudisha hatua ya tatu, na kifaa kinaufunga ufunguo upya kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Vifaa vingi viliathirika, lakini wpa_supplicant kuanzia toleo la 2.4 iliumia kuliko wenzake kwa sababu ya usafi wake. Kiwango kilidokeza kwamba ufunguo ukishafungwa ufutwe kwenye kumbukumbu. Programu ilifuta. Hatua ya tatu iliporudi, ikachukua kilichobaki mahali pale, yaani sifuri tupu, ikazifanya ufunguo. Aliyefuata ushauri ndiye aliyeadhibiwa. Viraka vilitoka haraka. Kwenye simu za bei ya chini, ambazo masasisho yake huisha kabla betri haijachoka, vingi havikufika.

WPA3 ilikuja mwaka 2018 na salamu mpya. Mwezi Aprili 2019 Vanhoef, safari hii pamoja na Eyal Ronen, alikwisha kuitoboa hiyo nayo. Intel ikatoa mwombaji wake, iwd, aliyefikia toleo la 1.0 mwaka huohuo. Huyo wa Mfini hajang'oka.

Desemba 2020 Google ilianza kuliondoa neno "usithibitishe" kwenye orodha ya Android 11. Malalamiko yalimiminika, mengi kutoka kwa wasimamizi wa mitandao ambao maelekezo yao yote yalisimama juu ya neno hilo. Na Februari 2024 Héloïse Gollier na Vanhoef walitangaza kasoro nyingine katika wpa_supplicant: mtandao bandia ungeweza kuiruka kabisa hatua ya nenosiri na kumkaribisha mwombaji ndani, bila kuzijua siri zake wala kuzihitaji. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba kifaa kiwe hakijapangiwa kukagua cheti cha seva. Toleo la 2.11, la Julai 2024, lilikuja na tiba.

Mwaka huo nilipita tena kwenye maktaba ile. Karatasi imechapishwa upya, kwa rangi, imewekwa plastiki. Mstari wa tatu upo vilevile. Chini yake mtu ameongeza kwa kalamu ya bluu: "Simu mpya zisizo na chaguo hili, ziletwe ofisi ya TEHAMA." Nilichungulia nikielekea nje. Foleni ilifika mlangoni.