Pikapu ya zamani: breki kwanza, rangi baadaye

Pikapu yangu, Toyota Hilux ya dizeli, ilikaa miaka 3 bila huduma ya maana. Nilikuwa naongeza oili tu, kisha naendelea kubeba nazi kutoka Kaloleni hadi soko la Kongowea. Siku moja, kwenye mteremko wa Mazeras, pedali ya breki ilizama hadi chini. Gia ndogo na breki ya mkono ndizo zilizoniokoa.

Fundi alikuta paipu ya breki imeliwa na kutu. Hewa ya chumvi ya kwetu Pwani hula chuma kimyakimya. Pesa nilizoweka za kupiga rangi zikaenda kwa mpangilio huu:

1. Breki. Kagua paipu, mpira na pedi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu. Yabadilishe kila miaka 2.

2. Matairi. Soma tarakimu 4 ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira mkuukuu hupasuka hata kama meno yapo.

3. Mkanda wa taimingi, kama injini yako inao. Ukikatika, pistoni zinaweza kugonga valvu na injini ikaharibika. Kama hujui ulibadilishwa lini, weka mpya.

4. Oili, filta na maji ya rejeta.

Baada ya hapo, osha chini ya gari mara kwa mara kwa maji yasiyo na chumvi.

Rangi bado sijapiga. Lakini nikikanyaga breki, gari linasimama.