Tuko Hewani

Mara ya kwanza niliporekodi sauti ya nyanya yangu, ilitoka sauti ya mzee wa kiume aliyechoka. Tulikuwa chumbani kwake, Hewani, kijiji cha Wapokomo karibu na Garsen. Madirisha yamefungwa, kuku wamefukuzwa, mjomba ameambiwa azime redio. Nyanya akaimba dakika nne bila kukosea neno. Nikabonyeza kitufe cha kuchezesha. Maneno yalikuwa yake, ila mazito, ya kujivuta, na chini yake mvumo mmoja mrefu, kama nyuki waliojenga ndani ya ukuta.

"Mume wangu," akaniambia, maana huku pwani nyanya humtania mjukuu wa kiume hivyo, "mashine yako imenigeuza dume?"

Tulicheka. Lakini kicheko chake kiliishia kwenye kikohozi, na hapo ndipo nilipoacha kucheka mimi. Babu alikuwa na kaseti za nyimbo zake, za kubembeleza watoto na za kupalilia mpunga, alizozirekodi kwa redio ya betri. Maji ya El Niño ya 1997 na 1998 yalipoingia ndani ya nyumba, kaseti zilikwenda pamoja na magodoro na mahindi. Mimi sikuwa nimezaliwa. Kilichobaki ni kichwa cha nyanya na pumzi zake, na pumzi zenyewe sasa ni za kuhesabu. Alikuwa ameniambia mapema: kila wimbo nitauimba mara moja, ukishindwa kuushika shauri yako.

Kwa hiyo wimbo wa kwanza nilikuwa nimeupoteza. Au ndivyo nilivyodhani.

Laptopu yangu nilinunuliwa kwa ajili ya chuo. Ilitumika Uingereza kwanza, ikaja Nairobi kama mtumba mwingine wowote. Chuo nikaacha, laptopu ikabaki. Ina gigabaiti nne za memori, feni inayolia kama bodaboda ikipanda mlima, na kadi ya sauti iliyowekwa na watu waliodhani mwenyewe atasikiliza mikutano ya ofisi. Usiku ule nilikaa nayo barazani, mbu wakinimaliza, nikitafuta kosa liko wapi. Kila kosa nililolipata lilinirudisha kwenye historia ambayo sikuwa nimeitafuta.

Tuanze na sauti ya dume. Kompyuta haisikii wimbo. Inachofanya ni kupima mtikisiko wa hewa, mara maelfu kwa sekunde, na kuandika namba. CD zilipoingia sokoni 1982, kampuni za Sony na Philips zilikuwa zimekubaliana kipimo cha mara 44,100 kwa sekunde. Watu wa video wakashika chao, 48,000. Mpaka leo kompyuta moja inaweza kubeba vyote viwili bila kukuambia. Upande wa Windows, maikrofoni yangu ilikuwa inapima 48,000. Programu ya kurekodi ikaandika kwenye faili kuwa ni 44,100. Basi ikacheza namba zile zile polepole: dakika nne za nyanya zikawa dakika nne na sekunde 21, na sauti ikashuka.

Nafuu ni kwamba namba zenyewe hazikupotea. Nilibadilisha kile kilichoandikwa kwenye faili, kutoka 44,100 kwenda 48,000, na nyanya akarudi kuwa mwanamke. Kisha nikaenda kwenye mipangilio ya sauti ya Windows na mipangilio ya programu, nikaweka 44,100 pande zote mbili. Kama unarekodi nyumbani, angalia hilo kabla hujamlaumu mwimbaji.

Ukabaki mvumo.

Mvumo ule una jina na una anwani. Stima ya Kenya hugeuka mara 50 kwa sekunde, na ikipata njia ya kuingia kwenye waya wa maikrofoni, unaisikia. Chaja yangu ilikuwa ya pini mbili, na mnajua tunavyofanya: unachomeka kalamu kwenye tundu la juu la soketi, mlango unafunguka, pini mbili zinaingia. Tundu hilo la juu ndilo la athi, waya unaopeleka stima iliyopotea ardhini. Mimi nilikuwa nimeliziba kwa kalamu. Nikachomoa chaja, laptopu ikabaki kwa betri, na mvumo ukafa hapo hapo. Tatizo likawa betri yenyewe, ambayo imezeeka na inakaa dakika 35.

Nikiwa pale barazani nilianza kuifuata stima ile kinyumenyume. Mto Tana, ambao nyanya hupanda mpunga kando yake, ndio mrefu kuliko yote Kenya. Kabla maji hayajafika kwetu Garsen, yameshapita mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma lilianza kutoa stima 1968, Kiambere likafunga hesabu 1988. Kwa miaka yote hiyo maji yalizungusha mitambo huko juu, nyaya zikaelekea Nairobi, na maji yakaendelea kushuka kwetu yakiwa yamemaliza kazi. Mradi wa serikali wa kufikisha stima kwenye nyumba za vijijini ulianza 2015. Nyanya ana balbu mbili na soketi moja. Mvumo niliousikia kwenye wimbo wake umetoka kwenye gridi ambayo mto wake umeilisha tangu mama yangu hajazaliwa.

Sasa fikiria kurekodi muziki kunataka nini: stima, mashine, na mtu mwenye mashine. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita vitu hivyo vitatu havikuwa mahali ulipokuwa wimbo. Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay mwaka 1928 ili sauti yake iingie kwenye santuri. Fundi Konde, mtoto wa Giriama, jirani zetu wa kusini, gitaa lake lilisikika Kenya nzima baada ya kufika kwenye maikrofoni za Nairobi. Studio ya Equator Sound ya Charles Worrod, ambako Fadhili William na Daudi Kabaka walirekodi miaka ya 1960, ilikuwa Nairobi vilevile. Wimbo ulipanda gari kuifuata mashine.

Wakati mwingine mashine ndiyo iliyokuja. Miaka ya 1950 Hugh Tracey alizunguka Afrika Mashariki na gari la kurekodia, akiliacha jenereta mbali kwa waya mrefu ili mlio wake usiingie kwenye ngoma. Niliposoma hilo nilimwona kama ndugu: na yeye alipambana na mvumo. Lakini kanda zilikwenda naye Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha 1954. Zimehifadhiwa vizuri, na watafiti wanazishukuru. Mwimbaji alibaki kijijini na wimbo wake mdomoni, bila nakala.

Sisi watu wa Tana tuna visa vyetu viwili, na kimoja kila Mkenya anakiimba akiwa amesimama wima. Wimbo wa taifa ulipoandaliwa 1963, kamati ya watu watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ilichukua tuni ya bembelezo la Kipokomo. Aliyewapa ni Meza Moroa Galana, mzee wa Tana River. Bembelezo likapewa maneno mapya, likapangiwa sauti za kwaya na vyombo vya bendi, likawa la jamhuri nzima. Sina ugomvi na hilo. Kila nikilisikia uwanjani nasikia pia mtoto anayelazwa, na najivunia. Ila jaribu kumuuliza kijana wa Nairobi tuni ile imetoka mto gani.

Kisa cha pili kinauma zaidi. Wapokomo walikuwa na ngoma kuu, ngadji, iliyoshika heshima ya utawala na ibada yao. Maafisa wa kikoloni waliichukua 1902, na tangu 1908 iko British Museum, London, imewekwa ghalani. Ngoma imelala zaidi ya miaka 100 bila mkono wa kuipiga, huku kwao watoto wanajua jina lake tu.

Nikiwa na hayo kichwani ndipo nilipoelewa kwa nini programu ya bure kwenye laptopu ya mtumba si jambo dogo. Mwaka 1997 kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ilitoa FruityLoops, ambayo tangu 2003 inaitwa FL Studio. Mtu mwenye kompyuta ya kawaida akaweza kutengeneza biti bila kulipia studio kwa saa. Vijana wa Afrika Mashariki waliikamata kwa mikono miwili, wengi kwa nakala zisizo halali, tuseme ukweli. Waliotumia ile ya majaribio walijua sharti lake: unaweza kuhifadhi kazi yako, lakini huwezi kuifungua tena bila kulipa. Basi biti unaimaliza kwa kikao kimoja, ukiomba stima isipotee. Mwaka 2000 ikaja Audacity, ya bure kabisa. Mashine ikaanza kuufuata wimbo nyumbani.

Ila inafika ikiwa na mawazo ya ilikotoka. Asubuhi yake nilitaka mjomba apige ngoma juu ya wimbo wa nyanya, ule niliouokoa, akiusikia kwenye hedifoni. Kila pigo lake likarudi masikioni limechelewa. "Hii inanifuata nyuma kama deni," mjomba akalalamika.

Kompyuta hukusanya namba za sauti kwenye kapu, bafa, kabla ya kuzishughulikia. Kapu langu lilikuwa la namba 1,024. Kwa kipimo cha 44,100 hiyo ni milisekunde 23, muda ambao sauti hewani hutembea karibu mita nane. Kuingia na kutoka ni mara mbili. Kwa hiyo mjomba alikuwa anajisikia kama mtu anayepiga ngoma akiwa mita 16 kutoka masikioni mwake. Tena njia ya kawaida ya sauti kwenye Windows huongeza vituo vingine humo humo. Kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilitengeneza njia ya mkato inayoitwa ASIO, nayo pia ni ya 1997. Nilipakua draiva ya bure inayotumia njia hiyo, nikashusha kapu hadi 256. Nilipojaribu 128 laptopu ilishindwa, sauti ikawa inakatikakatika. Kwa 256, ukiwa umezima intaneti na kila programu nyingine, mjomba aliisikia ngoma yake kama iko mapajani.

Kero ya mwisho ilikuwa mwendo. Nilipofungua kazi mpya, programu ilikuwa imeshaamua kwamba wimbo una mapigo 120 kwa dakika, na saa yake ikaanza kugonga tik tik. Wimbo wa kupalilia haufuati saa. Unafuata mgongo wa anayepalilia: unakaza pale jembe linapozama, unalegea mtu akinyanyuka kujifuta jasho. Nilizima saa. Nikafuta mistari ya kupimia kwenye skrini. Mjomba akamfuata nyanya kwa sikio, kama alivyomfuata shambani akiwa mtoto.

Tulirekodi nyimbo sita kwa siku tatu, kila mara dakika 35 za betri, kisha kupumzika chaja ikifanya kazi yake. Laptopu niliitoa nje, nikapitisha waya dirishani ili feni isisikike. Godoro likaegemezwa ukutani kuzima mwangwi. Kwenye wimbo wa nne kuna jogoo, nimemwacha.

Siku ya mwisho nilimwambia nyanya kwamba sasa tunaweza kuziweka mtandaoni, dunia nzima izisikie. Nilidhani atafurahi. Akanyamaza, akauliza, "Nani atakuwa nazo?"

Nikaeleza. Akauliza tena, "Na sisi tutabaki na nini?"

Hapo niliona kwamba nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya bafa na draiva, na hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Tulikubaliana hivi. Nyimbo mbili za kupalilia zinaweza kutoka, jina lake likiwa juu yake kama mwenyewe. Bembelezo zinabaki za nyumbani mpaka aseme vingine. Nakala ziwe tatu: moja kwenye laptopu yangu, moja kwenye flashi kwa shangazi yuko Malindi, ambako mafuriko ya Tana hayafiki, na moja kwenye simu ya mjomba, hapa hapa kijijini, ili mtoto akilia usiku isihitajike safari ya kwenda popote.

Ile ya simu ndiyo inayotumika. Juzi mjomba alinipigia, nyuma yake nikamsikia nyanya anaimba. Nikamuuliza kama ni yeye au ni rekodi.

"Ni wote wawili," akasema. "Anasema ile ya simu imekosea mahali, anairekebisha."