Tanuri la Chuma na Kumbukumbu ya Jamii: Funzo la Katuruka kwa Magole na Bonde la Wami

Magole, wilayani Kilosa, iko kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma. Kwenye barabara hiyohiyo, upande wa Morogoro, iko Dakawa, ambako Haaland na Msuya walichunguza mabaki ya ufinyanzi, uhunzi na biashara ya Zama za Chuma za Mwanzo na kuchapisha matokeo yao katika jarida la Azania mwaka 2000. Hivyo basi, historia ya chuma katika bonde la Wami imethibitishwa kitaaluma. Hata hivyo, mavi ya chuma hayajisimulii. Insha hii inatetea hoja kwamba mahali pa uhunzi wa kale huwa urithi wa umma pale tu mabaki ya ardhini yanapounganishwa na kumbukumbu ya wakazi. Kielelezo chake ni Katuruka, wilayani Bukoba.

Masimulizi ya Wahaya yanaeleza kwamba Mukama Rugomora Mahe, aliyeishi Katuruka, aliamuru ufuliwe mnara wa chuma wa kufika mbinguni, nao ukaanguka. Mahali pa tukio hilo palitambulishwa kwa mti mtakatifu uitwao Kaiija, jina linalohusishwa na ufuaji wa chuma. Kati ya mwaka 1969 na 1970, mwanaakiolojia Peter Schmidt aliongozwa na wazee hadi hapo, akachimba na kukuta mabaki ya uhunzi yenye umri unaozidi miaka 2,000. Simulizi, kwa maana hiyo, ndiyo iliyoielekeza sayansi.

Mwaka 1976 wazee wa Kihaya walijenga tanuri upya na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti, ingawa kazi hiyo ilikuwa imekoma kwa miongo kadhaa. Walitumia mivukuto, makaa na mirija ya udongo iliyoingizwa ndani ya tanuri. Mwaka 1978 Schmidt na Avery walidai katika jarida la Science kwamba upepo ulipata joto ndani ya mirija hiyo kabla ya kufikia makaa. Wataalamu wengine walilipinga dai hilo. Lakini mjadala wenyewe uliwezekana kwa sababu walikuwapo wazee waliokumbuka kazi ya mikono yao.

Hazina hiyo haikudumu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera, na vifo vilivyofuata vilikata mnyororo wa kurithishana maarifa. Mwaka 2008 wakazi wa Katuruka waliamua kuokoa kilichosalia: walimwita Schmidt ashirikiane nao, wakakusanya masimulizi na kuliandaa eneo kwa ajili ya wageni. Kwa kuwa wazee wengi wa kiume walikuwa wamefariki, ushuhuda wa wanawake, ambao utafiti wa awali haukuupa uzito, ulipata nafasi kubwa. Uhifadhi ulisahihisha pia upungufu wa utafiti.

Funzo kwa Magole na jirani zake liko wazi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inatambua vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, lakini sheria hulinda kitu. Hailindi maana yake. Mkulima anayegeuza kipande cha mavi ya chuma kwa jembe hawezi kukitunza iwapo hakijui. Aidha, si halali kudhani kwamba wakazi wa leo ni warithi wa moja kwa moja wa wahunzi wa kale. Pengo la zaidi ya miaka 1,000 haliruhusu dai hilo. Kinachowezekana ni kurejesha matokeo ya utafiti kwa Kiswahili, shuleni na katika mikutano ya vijiji, sambamba na kukusanya kumbukumbu za uhunzi wa karne zilizo karibu. Katuruka ilianza na simulizi ikafika kwenye tanuri. Bonde la Wami halina budi kuanzia kwenye tanuri na kuitafuta simulizi, wakati wazee wa kuulizwa wangalipo.