Grisi ya Wajerumani na betri ya gari lako

Ukisimama Ilagala, Malagarasi inapokaribia kumwaga maji yake Ziwa Tanganyika, hauko mbali na kaburi la muda la meli. Julai 1916 Wajerumani, wakiikimbia Kigoma, waliizamisha Graf von Götzen karibu na mdomo wa mto huu. Lakini kwanza mafundi walizipaka injini zake grisi nzito. Mimi naiita bima ya bei rahisi kuliko zote! Waingereza walipoiopoa 1924, injini zilikuwa bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na mvuke uliendelea kuisukuma hadi miaka ya 1970, zilipofungwa injini za dizeli.

Hesabu hiyo usiipeleke kwenye betri. Chuma kikinyimwa maji na hewa kinasubiri. Betri ya risasi na asidi haisubiri: hata gari likiwa limepaki, chaji inapungua taratibu na fuwele za salfeti zinaganda kwenye mabamba yake. Basi usiulize miaka tu, pima. Ikiwa imejaa na imepumzika, isome kama volti 12.6. Kisha mtu apige stata huku unaangalia mita. Ikiporomoka chini ya 9.6 hivi, na nyaya ni safi, nunua nyingine kabla haijakuacha njiani.