Zilizopendwa na Nani?

Kiswahili hakiuiti muziki wa zamani kwa umri wake. Kinauita zilizopendwa. Neno hilo halitaji mwaka wala muongo. Linataja mapenzi, na kwa kuwa limo katika kauli ya kutendwa, linaacha swali mlangoni: zilipendwa na nani? Swali hili hunijia kila ninapozifikiria namna mbili za redio zilizowahi kumhudumia mpenzi wa nyimbo hizo hapa Nakuru na katika Bonde la Ufa la kati. Moja hurusha mawimbi kutoka mlingotini juu ya kilima. Nyingine iliyashusha kutoka angani kwa setilaiti. Watu huzilinganisha kwa ung'avu wa sauti na kwa gharama, na hayo ni ya haki. Lakini tofauti kubwa naiona katika jinsi kila moja inavyolijibu swali hilo.

Tuanze na ya angani. Bonde letu si geni kwa setilaiti. Tangu mwaka 1970 kumekuwa na kituo cha mawasiliano karibu na Mlima Longonot, na dishi lake liliiunganisha Kenya na ulimwengu. Hilo lilikuwa dishi la taifa. Mwananchi wa kawaida alianza kuletewa setilaiti sikioni baada ya Oktoba 1998, AfriStar iliporushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Mwenyewe alikuwa WorldSpace, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1990 na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, aliyetaka bara lenye vituo vichache vya redio lipate vipindi vingi vyenye sauti safi. Matangazo yalianza mwaka 1999.

Kwa jiografia yetu, jambo hilo lilikuwa na maana. Mawimbi ya FM husafiri kama jicho linavyoona: kilima kikisimama katikati, yanakatika. Anayetoka Nairobi, akishateremka ukingo wa bonde kuelekea Naivasha, husikia stesheni aipendayo ikianza kukwaruza na kumezwa na nyingine, na humbidi kuitafuta upya kwa masafa mengine. Akiupanda Mau kwenda Molo, kazi ni ile ile. AfriStar ilikaa juu ya ikweta kwenye nyuzi 21 mashariki, umbali wa kilomita zipatazo 36,000, na kwa mtu wa Nakuru hapo ni juu sana, kidogo upande wa magharibi. Ukingo wa bonde haukuizuia. Aliyekaa Subukia na aliyekaa Marigat walipata sauti moja, bila mkwaruzo. Sharti lilikuwa antena ione anga. Chini ya mabati haikushika kitu, hivyo ilipelekwa dirishani au nje, ikaelekezwa vizuri na kuachwa hapo. Na redio yenyewe haikuwa ya kila mtu, kwani zile za kwanza ziliuzwa kwa dola 200 na zaidi, na baadaye idhaa nyingi zikahitaji malipo ya mara kwa mara.

Aliyemudu alipata nini? Alipata muziki uliopangwa kama duka zuri la santuri. Maestro ilikuwa ya muziki wa kale wa Ulaya, Riff ya jazi, Ngoma ya muziki wa Afrika. Ngoma ilisikika hata Marekani kupitia XM, kampuni ya redio ya setilaiti iliyoanza kutangaza huko mwaka 2001. Huko Marekani mpango huo umefikishwa mbali zaidi: nyimbo za miaka ya 1950 zina idhaa yake, za 1960 yake, za 1970 yake, saa 24 kila siku.

Fadhila hii tusiibeze. Mpenzi wa nyimbo za zamani hapa kwetu amezoea kuwekewa saa chache kwa juma, na saa hizo nazo huliwa na matangazo ya biashara. Kupewa siku nzima, na kusikia hata wimbo wa upande wa pili wa santuri ambao haukuwahi kuvuma, ni heshima kwa muziki na kwa msikilizaji. Aliyeipanga idhaa ya namna hiyo ni mtu aliyefungua makabati na kuyajua yaliyomo. Lakini swali letu analijibu kwa kalenda. Wimbo huu ni wa mwaka fulani, basi kaa hapa na wenzako wa mwaka huo. Nani aliupenda, na alipokuwa akiupenda alikuwa wapi, hilo halina idhaa.

Sasa redio ya mlingotini. Utangazaji wa redio ulianza Kenya mwaka 1928, kwa ajili ya walowezi. Baada ya uhuru, mwaka 1964, serikali ilikichukua chombo hicho kikaitwa Sauti ya Kenya, VoK, na mwaka 1989 kikarudia jina lake la awali, KBC. Kwa miongo mitatu Idhaa ya Taifa ndiyo iliyokuwa redio ya nyumba nyingi. Twisti ya Daudi Kabaka, gitaa la Fundi Konde, sauti ya Fadhili William, benga ya Nyanza, rumba ya Kongo na bendi za Tanzania zilifika hapa kwa njia hiyo, kupitia redio ya betri iliyotundikwa kwenye nguzo ya boma mtu akikamua ng'ombe, au kuwekwa juu ya kaunta ya duka.

Na pamoja na nyimbo zilikuja salamu. Atakayeandika historia ya redio yetu akaziruka salamu atakuwa ameandika nusu. Msikilizaji alinunua kadi, akajaza jina lake na lakabu yake, mahali alipo, majina ya anaowasalimu na wimbo anaoutaka, akaituma stesheni. Mtangazaji aliyasoma majina yote, moja baada ya jingine, ndipo santuri ikawekwa. Kwa mgeni, ule msururu wa majina ulikuwa kelele inayochelewesha muziki. Kwa aliyetajwa, na kwa jirani aliyemsikia akitajwa, hapo ndipo wimbo ulipopata wenyewe. Ukiusikia tena baada ya miaka 30, hukumbuki mwaka uliorekodiwa. Unamkumbuka shangazi aliyesalimiwa nao kutoka Elburgon. Salamu zililijibu swali la zilizopendwa kwa majina kamili.

Mtangazaji naye alikuwa sehemu ya jibu. Leonard Mambo Mbotela aliingia majumbani kwa miaka mingi kwa *Je, Huu ni Ungwana?*, na watu wakamhesabu kama mtu wa ukoo. Fred Obachi Machoka, katika *Roga Roga* ya Radio Citizen, amewafanya wapenzi wa rumba waipange Jumamosi yao kwa saa za kipindi. Idhaa inayocheza bila kukoma haina miadi. Kipindi chenye saa yake na mtu wake kina miadi, na miadi huwakusanya watu hata wakiwa mbalimbali, kila mmoja akijua kwamba wenzake wanasikia wakati huo huo.

Ukitaka kuzipima redio hizi mbili, zipime kwa muziki wa hapa hapa. Kericho palikuwa na duka la muziki la Chandarana, ambalo pia lilirekodi na kutoa santuri za wanamuziki wa sehemu hizi, benga ya Wajaluo na nyimbo za Wakipsigis zikiwamo. Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et ni jina linalowachangamsha wazee kuanzia Bomet hadi Rongai. Idhaa inayolitazama bara zima kutoka angani ingempa nafasi mara moja moja, kati ya Dakar na Johannesburg, chini ya jina la Afrika. Stesheni za Kikalenjin, Kitwek ya KBC, Kass na Chamgei, zinazungumza na watu wanaouelewa kila ubeti, wanaojua fumbo limemlenga nani na mto uliotajwa unapita wapi. Upana wa setilaiti ni neema kwa muziki uliokwisha kujulikana duniani. Kwa muziki wa Kericho, wa karibu ndiye anayejua.

Yako pia ya uhai na kifo. Oktoba 2008 WorldSpace iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wanaoidai, na katika muda uliofuata huduma yake ikafifia hadi kuzimika. Redio zilizonunuliwa kwa fedha nyingi zikawa hazina cha kupokea kutoka angani, kwa kuwa setilaiti ilikuwa moja na mwenyewe mmoja. Redio ya kawaida haina bwana mmoja. Stesheni ikifungwa, unazungusha kitufe na kupata nyingine, na redio iliyosikiliza VoK inaweza kusikiliza KBC leo, mradi fundi ameitia mkono.

Hata hivyo, redio ya mlingotini isijione imeshinda. Ina madeni, na madeni yake ni kwa muziki wenyewe. Mwaka 1980 VoK iliagiza kwamba sehemu kubwa ya muziki wake uwe wa Kenya, lakini agizo hilo halikudumu. Tangu FM za binafsi zilipoanza katikati ya miaka ya 1990, mazungumzo ya asubuhi na mizaha yamekula saa ambazo nyimbo zilikuwa zikikaa. Wimbo wa kale unakatwa kabla ya gitaa kuingia, unachanganywa na mwingine, unapita bila kutajiwa mwimbaji wala bendi. Kijana wa Kaptembwo anaupenda asijue amuulizie nani. Stesheni inayofanya hivyo imekitupa kitu pekee ambacho setilaiti haikuwa nacho. Imeacha kutaja majina.

Kapkatet, katika Kaunti ya Kericho, inatufundisha jambo. Mwaka 1950 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alifika huko na mitambo yake akarekodi nyimbo za Kipsigis, miongoni mwake zile zinazoitwa Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilifika kijijini kwa gramafoni. Wakipsigis wakalitamka kwa ulimi wao na kumfanya mwenye jina kiumbe cha nyimbo zao, nusu mtu na nusu mnyama wa porini. Sauti hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey, zikasikilizwa na wapenzi wa muziki wa nchi nyingi wasiomjua hata mmoja wa waimbaji. Baada ya zaidi ya miaka 60 nakala zilirudishwa Kapkatet, na waliokuwa vijana mwaka ule wa 1950 walikuwa bado wapo kuzisikia.

Maktaba ile ya mbali ilifanya kazi ambayo stesheni za hapa hazikuifanyia nyimbo hizo: ilitunza. Bila ukanda wake, kijiji kisingekuwa na cha kusikiliza. Lakini katika miaka yote ile ya kabatini, wimbo ulikuwa mali ya sikio lolote. Ulipofika nyumbani, palikuwa na mtu wa kusema, huyu anayeimba ni fulani, namjua. Mpenzi wa zilizopendwa wa Nakuru anastahili vyote viwili, kabati lililojaa na mtu wa kumtaja mwimbaji, na kwa hilo la pili stesheni yoyote ya mjini inaweza kuanza usiku wa leo.