Mwalimu wa Kwaya: Aimbe au Asikilize?

Katika makanisa mengi ya Kinondoni na Temeke, anayesimama mbele ya waimbaji huitwa mwalimu wa kwaya. Je, aimbe pamoja nao? Swali hili laonekana dogo, lakini lina historia ndefu.

Mwalimu huyu amerithi mila mbili. Ya kwanza ni ya ngoma. Manju aliongoza kwa koo lake: alianzisha wimbo, wenzake wakaitikia. Ya pili ilikuja na misheni. Mwaka 1835 Felix Mendelssohn alianza kuongoza okestra ya Gewandhaus mjini Leipzig, kijiti mkononi, bila kutoa sauti. Mwaka 1893 wamisionari wa Kilutheri kutoka mji huohuo walifika Kilimanjaro. Wao na wenzao wa madhehebu mengine walileta uimbaji wa sauti nne, ambamo lazima awepo mtu wa kuzisikiliza zote.

Mwaka 1963 padri Stephen Mbunga alichapisha kitabu chake, Church Law and Bantu Music, akitetea muziki wa Kiafrika ibadani. Desemba mwaka huo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati ya liturujia iliyoitambua mila ya muziki ya kila taifa. Nje ya kanisa, umanju ulidumu majukwaani: Kapteni John Komba wa Tanzania One Theatre, aliyefariki mwaka 2015, aliongoza nyimbo za CCM kwa sauti yake mwenyewe.

Mimi naona hivi. Mazoezini mwalimu hana budi kuimba, kwani waimbaji wetu wengi hujifunza kwa sikio, si kwa nota. Siku ya ibada, sauti yake hugeuka pazia. Besi wakipotea, huwafunika. Tena wakichelewa, huwavuta. Naye hawasikii, kwa kuwa anajisikia mwenyewe. Kwaya ya namna hiyo hung'ara mpaka mwalimu ahamishwe kikazi. Hapo ndipo hubainika kuwa iliyokuwa ikisikika ni sauti ya mtu mmoja.

Ndugu msomaji, uwe ofisini au katika harakati, kwaya hiyo unaijua. Manju alistahili kuimba kwa sababu kiitikio kilikuwa mali ya wote. Kiongozi anayeimba hata kiitikio kisisikike ameuacha umanju, na kijiti hajakishika.